Shangazi wa Saa Saba

Mimi si mtu wa kuzunguka mbuyu, kwa hiyo niseme tangu mwanzo: mwanamke ninayetaka kuwaeleza habari zake alifukuzwa kazi, na waliomfukuza wangali wanakula na kulala vizuri. Ukisikia hasira katika maneno yangu, hujasikia vibaya. Ipo, na sina mpango wa kuipoza.

Redioni kwetu, na kote ambako mnara wetu ulifika, aliitwa Shangazi. Waliomzidi umri walimwita Shangazi. Mumewe mwenyewe, fundi cherehani mpole mwenye masihara, alimwita Shangazi kisha akacheka peke yake. Kazi yake ilikuwa kusoma matangazo ya vifo kila siku saa saba mchana, baada ya taarifa ya habari. Mimi nilikuwa upande wa pili wa kioo, kwenye chumba cha mitambo, nikimfungulia maiki na kumfungia. Nilikuwa fundi mitambo pekee pale, tena mwanamke, wakanipa jina la Waya. Sikuwahi kuuliza kama ni sifa au ni tusi.

Kituo chenyewe kilikuwa ghala la zamani la mbegu. Kuta za studio tulizifunika kwa trei za mayai na vipande vya godoro ili sauti isirudi. Taa nyekundu ya mlangoni, ile inayowaambia watu kwamba kuna mtu hewani, ilikuwa balbu ya kawaida tuliyoipaka rangi ya kucha. Feni ilikuwa inanguruma, hivyo maiki ikifunguliwa lazima izimwe. Ukimsikia mtangazaji wetu anasoma kwa sauti tamu ya kubembeleza, jua huyo anatiririka jasho mpaka kiunoni. Meza yangu ya kuchanganyia sauti ilikuwa na vile vifungo vya kuteleza juu na chini tunavyoviita feda. Karatasi za kueleza feda ipi ni ya nini zilibanduka zamani, nami sikuhangaika kubandika nyingine, maana nilizijua kama ninavyowajua watoto wangu. Wageni waliotutembelea walicheka sana. Waache wacheke, sauti ilikuwa inafika.

Kabla ya redio Shangazi alikuwa opereta wa simu, enzi zile ukitaka kumpigia mtu unaombewa laini. Huko ndiko alikojifunza kutamka jina la mtu polepole, likapita katikati ya mikwaruzo na kelele likafika upande wa pili likiwa zima. Mitambo mipya ilipoletwa, maopereta wote waliambiwa asanteni. Akakaa nyumbani akimsaidia mumewe kushona vifungo, mpaka aliposikia kwamba kuna redio inafunguliwa na inatafuta msomaji wa matangazo. Wenzake siku ya usaili walisoma kwa mbwembwe na kuzungusha maneno mdomoni. Yeye alipewa tangazo la majaribio, la msiba wa mtu wa kubuni, akalisoma kwa utulivu. Mzee aliyekuwa anafagia koridoni akaegesha fagio, akaja mlangoni kuuliza mazishi ni wapi. Kazi akapewa palepale.

Usidhani ni kazi ndogo. Watu wetu wametawanyika. Mmoja yuko mgodini, mwingine mashambani, mwingine ameolewa kule ambako simu haishiki. Msiba haukuwa msiba mpaka Shangazi ausome. Ikifika saa saba, mama aliacha sufuria jikoni, fundi baiskeli akaacha gurudumu linazunguka, na mwenye duka akamwambia mteja subiri kwanza. Mtu akisikia jina la ukoo wake alifunga mlango na kuanza safari hata kama hajala.

Kwa hiyo alikuwa na taratibu zake, na ole wako uziguse. Alivua viatu mlangoni mwa studio, kwa sababu kisigino kikigonga sakafu msikilizaji anasikia, na mfiwa hakuomba kusikia viatu vya mtu. Kila tangazo alilisoma mara mbili. Mara ya kwanza, alisema, watu wanashtuka tu, mara ya pili ndipo wanaposikia. Tena hakusoma jina ambalo hajalisikia kutoka kinywani mwa ndugu. Karatasi ikishapokelewa dirishani, alitoka mwenyewe hadi kwenye benchi la mapokezi, akaketi ubavuni pa mfiwa na kumwambia, "Nitajie marehemu wako vile mlivyokuwa mkimwita." Mfiwa akitaja, yeye anarudia kwa sauti ya chini, anarudia tena, mpaka mfiwa aitikie kwa kichwa. Wengi walilia hapo, naye aliwaacha walie.

Kazi hiyo ilimletea taabu mtaani. Akiingia dukani kununua sabuni, muuzaji anauliza kwanza, "Shangazi, salama?" Akibisha hodi kwa mtu, unasikia vyombo vinaanguka ndani. Siku ya harusi ya binti yake, mshereheshaji alimpa maiki ili awashukuru waliofika. Alisema tu, "Ndugu, jamaa na marafiki," na nusu ya ukumbi ikasimama mikono kichwani. Kisa hicho alikisimulia yeye mwenyewe kwa miaka, akijishika mbavu.

Sasa tuje kwenye ukuta.

Mjini palikuwa panajengwa soko jipya. Aliyelijenga, Mkandarasi, ndiye alikuwa mteja mkubwa wa redio yetu. Kila saa ilibidi nipige tangazo lake la biashara, lenye ngoma na kibwagizo: "Tukijenga, tumejenga!" Nililipiga mpaka likawa linanijia nikiosha vyombo. Jumamosi moja asubuhi ukuta wa soko hilo ulianguka. Mji mzima ulisikia kishindo, na vumbi tuliliona tukiwa uani kwetu. Kufika jioni, Mkandarasi alishasema hakuna aliyeumia. Habari zetu za jioni zikasema hivyohivyo: ukuta umeanguka, hakuna aliyeumia, kazi inaendelea. Baada ya hapo tukapiga kibwagizo.

Jumatatu akaja mke wa mwashi.

Alikuwa mama kijana, mtoto mgongoni, amesimama wima dirishani kama mtu anayeogopa akikaa hatainuka. Tangazo alikuwa ameliandika kwa mkono wake. Mumewe, fundi mwashi, amefariki dunia Jumamosi baada ya kuangukiwa na ukuta akiwa kazini soko jipya. Mazishi ni Alhamisi. Habari ziwafikie baba mkwe na mama mkwe, mashemeji na mawifi huko waliko. Shangazi alitoka akamshika mkono, akamketisha kwenye benchi. Mimi nilikuwa hapohapo mapokezi nikifunga soketi, nikasikia kila kitu.

"Pole sana, mwanangu," Shangazi alimwambia. "Nitajie marehemu wako vile mlivyokuwa mkimwita."

Akamtaja. Shangazi akarudia, akarudia tena, na yule mama akaitikia kwa kichwa. Lakini hakuuachia mkono wa Shangazi.

"Shangazi, nakuomba. Lile la ukuta lisomwe. Usije ukalisahau."

"Nitalisahau vipi na umeliandika?"

"Kule kazini wanasema hakuwepo. Walimtoa chini ya matofali, wakamleta kwa lori la kokoto, wakamshusha mlangoni kwangu. Sasa wanasema aliondoka kazini Ijumaa, anaumwa, akaja kufia nyumbani. Wenzake wameambiwa atakayefungua mdomo hana kazi." Alimweka mtoto vizuri mgongoni. "Na wakwe zangu hawajanizoea, Shangazi. Walimwona majuzi tu, mzima, anabeba magunia. Wakisikia aliugua ghafla, watauliza alikula nini, na ni nani aliyempikia. Watanichukulia watoto wangu."

Shangazi akamwonyesha redio iliyotundikwa ukutani pale mapokezi. "Kaa hapa," akasema. "Saa saba utasikia."

Matangazo yote yalipita kwanza mezani kwa Meneja. Huyu alikuwa mpwa wa mwenye redio, na kabla ya kuletwa kwetu alikuwa anauza magodoro. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, kwa sababu mtu mbaya unajua pa kumshika. Alikuwa mwoga tu. Simu ya mezani ikilia, alifunga kwanza kifungo cha shati cha shingoni ndipo ainue. Karatasi ya mke wa mwashi ilirudi kutoka kwake imepigwa mstari. Juu ya maneno ya ukuta ameandika kwa wino mwekundu: baada ya kuugua ghafla.

Shangazi alikwenda ofisini kwake na karatasi mkononi. Nikamfuata, maana mimi ni mbea na sijawahi kukana.

"Meneja, hapa pana kosa."

"Si kosa, Shangazi, nimerekebisha. Mkandarasi amepiga simu mwenyewe. Anasema yule bwana hakuwa kazini."

"Na mkewe anasemaje?"

"Mkewe ana uchungu. Mtu mwenye uchungu anasema lolote." Akalainisha sauti. "Shangazi, mama yangu, ni maneno manne tu."

"Kama ni manne tu, basi yaache yale yake."

"Unajua humu ndani tunaishi kwa matangazo ya nani? Mafuta ya jenereta, mshahara wako, wa huyu Waya..."

"Nilikuwa nakula kabla sijamjua Mkandarasi," Shangazi alisema. "Tena nilikuwa mnene zaidi."

Mimi nilicheka. Meneja hakucheka. Alijinyoosha kwenye kiti akasema kwa sauti ya ofisi, "Utasoma kama ilivyo kwenye karatasi, au nitatafuta wa kusoma."

"Nimekusikia," Shangazi akajibu, akatoka.

Nilimwandama koridoni nimefura. Nilitaka kujua atafanya nini. Nilitaka arudi ampe vidonge vyake. Yeye aliniuliza maji yake ya moto yako wapi, kwa sababu kabla ya kusoma alikunywa maji ya moto matupu, bila majani wala sukari. Nikampa. Akanywa taratibu, na mimi nikaudhika naye pia.

Saa saba ikafika. Akavua viatu akaingia. Nikazima feni, nikawasha taa nyekundu, nikapandisha maiki yake. Akamsoma bibi mmoja na ukoo wake wote, mara mbili. Akamsoma dereva mstaafu, mara mbili. Halafu akashika karatasi ya mwashi.

Alitaja jina vile mkewe alivyolitamka. Akataja wazazi, mashemeji na mawifi, na wanakoishi. "Amefariki dunia siku ya Jumamosi," akasema, "baada ya..."

Akanyamaza.

Inabidi nieleze kimya redioni ni kitu gani. Mahali pengine mtu akinyamaza, anapumzika. Redioni ni ajali. Msikilizaji anadhani betri zimekwisha, anaipiga redio makofi, anazungusha kitufe, anahamia kwa wengine. Sisi tumefundishwa kuogopa kimya kuliko moto. Kikitokea, kazi yangu ni kupandisha feda ya muziki wa dharura, ambao unakuwa tayari wakati wote. Kidole changu kilikuwa hapo tayari. Nikamtazama Shangazi kupitia kioo, nikidhani amekwama koo. Hakuwa amekwama. Alikuwa ananitazama mimi, ametulia, midomo ameifumba. Nikaelewa, nikaondoa kidole.

Kimya kikaendelea. Mishale ya kipimo cha sauti ikalala chini kabisa. Ninaapa ule ndio muda mrefu kuliko wote niliowahi kukaa kwenye kiti kile.

Meneja aliingia chumba cha mitambo mbio, mdomo bado unatafuna chakula cha mchana. Studio hakuthubutu kuingia, maana taa nyekundu ikiwaka hata mwenye redio haingii. Akanyakua kipaza kidogo kilichokuwa mezani kwangu. Hicho ni cha kuzungumza na mtu aliyeko studio. Ukikisemea, sauti inaingia kwenye hedifoni zake tu, na wasikilizaji hawasikii kitu. Hilo Meneja alilijua. Asilolikumbuka, kwa kuwa hakuwahi kukaa kwenye kiti changu hata siku moja, ni kwamba maiki ya Shangazi ilikuwa wazi, na lolote atakalomjibu litakwenda moja kwa moja hewani.

"Soma!" alimkaripia. "Unanyamaza nini? Soma!"

Mishale ikaamka. "Nakusikia, Meneja," Shangazi akasema kwa ile sauti yake ya saa saba, na mji mzima ukamsikia.

"Sema aliugua ghafla, uendelee!"

"Unataka niseme aliugua ghafla."

"Ndiyo! Si imeandikwa hapo?"

"Umeandika wewe, Meneja. Mkewe hakuandika hivyo. Mkewe yuko hapo nje kwenye benchi na mtoto mgongoni. Yeye ameandika kwamba mumewe aliangukiwa na ukuta wa soko jipya, akiwa kazini."

"Mkandarasi ataondoa matangazo yake yote!"

"Mkandarasi akiondoa matangazo yake, hilo ni lenu wawili. Mimi nasoma misiba."

Nilikuwa nimeuma kola ya shati langu, sijui nicheke au nilie. Meneja alifungua mdomo ajibu, macho yakaangukia ile mishale, inarukaruka kwa kila neno. Akaitazama. Akamtazama Shangazi. Akanitazama mimi, ametoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Hii... inatoka nje?"

"Inatoka," nikamwambia. "Ya kwako haitoki. Ya kwake imetoka yote."

"Kata! Kata haraka!"

"Mkono unaniuma," nikasema.

Akajitupa mezani akavuta feda ya kwanza aliyoiona. Ilikuwa ya mashine ya kaseti iliyokufa kabla yeye hajaajiriwa. Akavuta nyingine, na hiyo haikuwa ya kitu chochote, nilikuwa nimeshang'oa nyaya zake kwa ajili ya vipuri. Mimi nikafunika ile ya kweli kwa kiganja. Nikamwambia akiitaka itabidi avunje vidole vyangu kwanza, na sikumwambia kwa adabu.

Ndani ya studio Shangazi alisafisha koo. "Ndugu msikilizaji, narudia," akasema. Akalisoma tangazo upya toka mwanzo, jina, ukoo, wazazi, mashemeji na mawifi, na lile neno la ukuta akalisoma mahali palepale alipoliandika mke wa mwashi. Hakupandisha sauti. Hakuongeza chumvi. Alipomaliza aligeuza karatasi akamsoma mwalimu mmoja aliyefariki hospitalini, mara mbili, kama siku zote, mpaka muda wake ukaisha.

Nilipofika mapokezi nilimkuta mke wa mwashi amesimama chini ya redio. Sasa alikuwa analia, kwa sauti, bila kujificha. Shangazi alitoka studio viatu vikiwa mkononi, akamwendea.

"Watakuwa wamesikia?" yule mama akauliza.

"Wamesikia, mwanangu. Nenda kazike."

Siku ile nilijivuna kuliko siku niliyoolewa, na mume wangu nilishamwambia.

Meneja hakusubiri hata Shangazi avae viatu. Alimfukuza palepale koridoni, mwanamke wa umri wa mama yake, akiwa pekupeku. Alisema hataki kumwona tena karibu na maiki. Shangazi alimwambia asante kwa kazi, akainama, akavaa kiatu kimoja, akavaa cha pili, akajifunga kitambaa chake kichwani vizuri. Mlinzi wa getini alikuwa na desturi ya kukagua mkoba wa kila anayetoka, hata wa mwenye redio. Siku hiyo hakugusa mkoba. Alimfungulia geti kubwa, lile la magari, ili apite katikati.

Mimi hawakunifukuza, na usidhani ni kwa kunipenda. Hakukuwa na mwingine aliyejua feda ipi ni ipi. Kesho yake asubuhi Meneja akaniita. Macho yalikuwa mekundu na kifungo cha shingoni kimefungwa, nikajua simu imelia. Mkandarasi hakutaka kuondoa matangazo yake. Alitaka kitu kibaya zaidi. Meneja alinisogezea karatasi iliyopigwa chapa, akaniambia nisome. Ilisema kwamba jana saa saba mchana kulitokea hitilafu ya mitambo. Sauti zisizo za kituo hiki ziliingiliana na matangazo yetu. Maneno yaliyosikika kuhusu soko jipya yapuuzwe, kwa kuwa marehemu alifariki baada ya kuugua ghafla.

"Itasomwa leo saa saba," alisema. "Na utaisoma wewe, dada yangu. Hili ni jambo la ufundi. Akisema fundi, watu wataamini."

"Na nikikataa?"

"Utamfuata Shangazi. Na safari hii nitaleta fundi mwingine, hata kama atachukua mwezi kuzoea hiyo takataka yako."

Niliumia kwa yote mawili, la kufukuzwa na la mitambo yangu kuitwa takataka. Mume wangu alikuwa mtu wa vibarua, leo kipo kesho hakipo, na watoto wetu walikuwa wanasoma. Nikachukua karatasi. Nilisema nitafikiria, na nilijichukia kwa kusema hivyo.

Kwa Shangazi hapakuwa mbali, nikaenda kwa miguu. Nilimkuta chumba cha mbele, amekaa kwenye kigoda anashona vifungo, mumewe yuko kwenye cherehani.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Mbona uso umevimba?"

Nikampa karatasi. Akavaa miwani, akasoma.

"Isome mara mbili," mumewe akatania bila kuinua kichwa.

Aliisoma mara mbili kweli. "Wameiandika vizuri," akasema. "Mtu akisikia hivi anaamini."

"Nifanye nini, Shangazi?"

"Usiniulize mimi." Alivua miwani. "Mimi nimeshafukuzwa, mwanangu, ushujaa kwangu sasa hivi hauna gharama. Wewe una watoto. Ukiisoma hii sitakununia, nitakukaribisha chai kama kawaida."

Alirudi kwenye vifungo vyake. Nilikuwa ninainuka kuaga ndipo akasema, "Ila wale wakwe wako njiani tangu jana. Na njiani watu wanasikiliza redio."

Nilirudi kituoni kwa haraka, nikitukana peke yangu barabarani. Nilimtukana Mkandarasi, nikamtukana Meneja, nikamtukana na Shangazi kidogo kwa kutonipa jibu. Nilipofika, ilibidi kwanza nimfundishe Meneja kukaa kwenye kiti changu, maana mimi nikiwa studio hapakuwa na mwingine wa kukalia. Nilimwonyesha feda ya maiki. "Hii ukipandisha, nasikika," nikamwambia. "Ukishusha, sisikiki." Sikumwonyesha ya uongo. Sikutaka mtu aje aseme nilimchezea mchezo.

Sikuwahi kuzungumza redioni. Miaka yote hiyo nilipitisha sauti za watu, yangu ikabaki koridoni ikigombana na wafagizi. Kiti cha Shangazi kilikuwa kifupi kwangu, na joto la mle ndani bila feni liliniziba pumzi. Kwa mbali, kupitia kioo, Meneja alipandisha feda, taa ikawaka, akaniashiria kwa kidole gumba kama tulivyozoea kuona watangazaji wakifanyiana. Mkono wake ulibaki palepale mezani. Nikaiweka karatasi mbele yangu.

"Mimi ni fundi mitambo wa kituo hiki," nikasema. Sauti ilitetemeka, nikaiacha itetemeke. "Nimepewa karatasi niwaambie kwamba jana saa saba mitambo yetu ilikuwa na hitilafu."

Meneja akaitikia kwa kichwa kunitia moyo.

"Mitambo hii niliiwasha mimi, na nilikaa nayo mpaka mwisho. Ilikuwa mizima. Kila neno mlilolisikia kuhusu fundi mwashi lilisemwa humu ndani, na mtu mwenye akili zake timamu."

Nikamwona anasimama. Nikaona vidole vyake vinaitafuta feda. Safari hii aliijua.

"Hitilafu ilikuwa kwenye ukuta," nikasema.

Akaishusha, lakini nilikuwa nimeshamaliza.